WebSocket Hulinda Mpangilio, Haijui Muda: Namna ya Kuwaunganisha Watumiaji na Wakala wa Sauti Aliye Kwenye Wingu

Msimbo wa mfano unaoonyesha jinsi ya kuunganisha ukurasa wa wavuti na wakala wa sauti (programu inayosikiliza na kujibu kwa kuongea) kwa njia ya WebSocket, itifaki inayoacha njia wazi ya kutumiana data pande zote mbili, kwa kawaida huwa mfupi sana. Hufungua muunganisho, husoma sauti kutoka kwenye kipaza sauti, huituma, kisha hupokea sauti nyingine kutoka kwenye seva na kuicheza kwenye spika. Ukijaribiwa ofisini, kwenye Wi-Fi nzuri na kwa mtu aliyevaa visikizi, hufanya kazi. Matatizo huanza pale mtu anapoutumia akiwa ndani ya daladala, kwa bando la simu, huku spika ya simu ikiwa wazi: wakala hujibu swali lililoulizwa sekunde tano zilizopita, hujikatiza mwenyewe, huendelea kuongea ilhali amekwisha kuambiwa asubiri, au hunyamaza kabisa bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini.

Kasoro hizi huonekana kuwa mbalimbali, lakini nyingi zina asili moja. WebSocket huahidi kwamba data itafika kamili na kwa mpangilio ule ule iliotumwa nao, lakini haiahidi lolote kuhusu lini itafika. Mazungumzo nayo hutegemea muda kuliko kitu kingine chochote: nani ameanza, nani amenyamaza, kimya kimedumu kiasi gani, na ni neno lipi lililokuwa limesikika pale mwingine alipodakia. Kwa hiyo kazi kubwa ya anayejenga muunganisho wa aina hii huanza baada ya muunganisho kufunguka, nayo ni kuongeza hesabu ya muda juu ya mkondo ambao wenyewe hauna saa.

Muunganisho unavyofunguliwa

HTTP ya kawaida, itifaki inayoleta kurasa za wavuti, ina utaratibu wa upande mmoja: kivinjari huomba, seva hujibu, na baada ya hapo seva haina nafasi ya kusema neno mpaka iombwe tena. Kwa miaka mingi watengenezaji walikizunguka kizuizi hicho kwa kuifanya programu iulize kila baada ya muda mfupi kama kuna kitu kipya, njia ambayo kwa ujumbe wa maandishi huvumilika, lakini kwa sauti haifai hata kujaribiwa. Itifaki ya WebSocket, iliyochapishwa na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, Desemba 2011 katika waraka wa RFC 6455, iliondoa kizuizi hicho bila kuvunja kilichokuwapo. Kifaa hutuma ombi la HTTP lenye kichwa cha "Upgrade" kinachoeleza kwamba kinataka kuhamia WebSocket, pamoja na ufunguo wa nasibu wa baiti 16 ulioandikwa kwa Base64, yaani namna ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida. Seva huunganisha ufunguo huo na mfuatano maalumu wa herufi uliotajwa ndani ya waraka wenyewe, huupitisha kwenye algoriti ya SHA-1, na kurudisha matokeo pamoja na jibu namba 101. Hesabu hiyo haimtambulishi mtu wala haifichi siri yoyote. Inathibitisha tu kwamba upande wa pili unaielewa itifaki hii, na kwamba jibu halikutoka kwa seva ya zamani au proksi (seva ya katikati inayopitisha maombi) isiyojua ilichoulizwa. Kuanzia hapo muunganisho ule ule wa TCP, itifaki ya chini inayosafirisha data, hubaki wazi, na kila upande unaweza kutuma wakati wowote.

Data husafiri ndani ya fremu, ambazo zinaweza kuwa za maandishi au za baiti ghafi, na kuna fremu ndogo za kudhibiti kwa ajili ya kufunga muunganisho na kupima uhai wake. Fremu zinazotoka kwa mtumiaji hufunikwa kwa ufunguo wa biti 32 unaobadilika, ili msimbo wenye nia mbaya usiweze kuzidanganya proksi za zamani zikahifadhi data bandia kwenye kashe zao. Maktaba za programu hufanya hayo zenyewe, na mtengenezaji hana haja ya kuyagusa.

Kinachostahili kuguswa ni gharama ya kufungua. Kabla ya baiti ya kwanza ya sauti kuondoka, TCP inahitaji safari moja ya kwenda na kurudi, TLS 1.3, inayoficha data zisisomwe njiani, inahitaji nyingine, na ombi la kuhamia WebSocket linahitaji ya tatu. Kutoka Nairobi hadi vituo vya data vya Virginia, Marekani, ni takriban kilomita 12,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama kebo ingenyooka bila kona, safari ya kwenda na kurudi isingepungua milisekunde 120. Kebo halisi hupinda kufuata bahari na vituo vya kubadilishia, ndiyo maana safari hiyo kwa kawaida huvuka milisekunde 200. Zidisha mara tatu, ongeza muda wa kutafuta anwani, na mtu aliyebonyeza kitufe cha kuongea atakuwa amesubiri zaidi ya nusu sekunde kabla hata modeli, yaani akili bandia inayomwendesha wakala, haijasikia pumzi yake. Dawa yake ni rahisi: muunganisho ufunguliwe mara ukurasa unapoonyesha dalili kwamba mtu anataka kuongea, na si pale anapoanza kuongea, na sauti ya maneno yake ya kwanza ihifadhiwe kwenye kifaa mpaka mlango ufunguke.

Umbali wenyewe unaweza kupunguzwa. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafika Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo si kila modeli ya sauti inapatikana katika kila kituo, na kuweka lango la WebSocket Johannesburg ilhali modeli inafanya kazi Virginia hakuondoi safari ya kuvuka Atlantiki. Kunaificha tu nyuma ya lango.

Kumtambua anayeingia

Hapa ndipo mtu aliyezoea kuandika programu za seva hushangaa. Seva inapoiita seva nyingine kwa WebSocket, inaweza kuweka kibali chake kwenye kichwa cha "Authorization" kama inavyofanya kwa ombi lolote. Kivinjari hakiruhusu jambo hilo. Kiolesura cha WebSocket ndani ya vivinjari hupokea anwani na orodha ya itifaki ndogo tu. Hakina pahala pa kuongeza vichwa vingine. Wengi wakigundua hivyo huchukua njia ya mkato na kuubandika ufunguo wa siri wa huduma ndani ya msimbo wa ukurasa au wa programu ya simu, na hiyo ni sawa na kuuchapisha, kwa kuwa yeyote mwenye subira ya dakika chache anaweza kuusoma na kuongea na modeli kwa gharama ya mwenye akaunti.

Njia inayokubalika ni kuwa na seva ndogo ya kati inayomjua mtumiaji kwa njia ya kawaida ya kuingia, kisha inamtolea tokeni (kibali cha kidijitali) ya muda mfupi au anwani iliyotiwa saini ambayo muda wake huisha baada ya dakika chache. Tokeni hiyo inaweza kusafiri ndani ya anwani yenyewe, jambo lililo rahisi lakini lenye hatari ya kubaki kwenye kumbukumbu za proksi na seva, na kwa sababu hiyo ni lazima iwe ya matumizi ya mara moja au ya muda mfupi sana. Inaweza pia kuwekwa kwenye orodha ya itifaki ndogo, mradi seva ichague jina la kawaida kutoka kwenye orodha hiyo na kulirudisha, la sivyo kivinjari kitakata muunganisho. Au inaweza kuwa ujumbe wa kwanza baada ya muunganisho kufunguka, na seva ikawafukuza wasioutuma ndani ya sekunde chache. Mimi huipendelea hii ya mwisho kwa sababu haiachi alama kwenye anwani, ingawa inailazimu seva kuvumilia kwa muda mfupi wageni wasiojulikana.

Kuna njia ya nne, ya vidakuzi, ambayo huonekana nafuu kwa sababu kivinjari huviambatanisha chenyewe. Unafuu huo ndio hatari yake. Kanuni inayozuia ukurasa wa tovuti moja kusoma majibu ya tovuti nyingine haihusu WebSocket, hivyo ukurasa wa mtu mwenye hila unaweza kufungua muunganisho kwa wakala wako ukitumia kidakuzi cha mtumiaji wako. Seva inayotegemea vidakuzi haina budi kukagua kichwa cha "Origin" kwenye kila ombi na kukataa asili isiyoijua.

Sauti yenyewe na uzito wake

Sauti ghafi ya PCM, yaani isiyobanwa, yenye sampuli 16,000 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, ina baiti 32,000 kwa kila sekunde. Kipande cha milisekunde 20 ni baiti 640. Mazungumzo ya dakika 10 hupandisha MB 19.2 kutoka kwa mtumiaji peke yake, na kama huduma inataka sauti iwekwe ndani ya ujumbe wa maandishi wa JSON kwa Base64, kama ifanyavyo Realtime API, huduma ya sauti ya OpenAI, uzito huongezeka kwa theluthi moja na kufika MB 25.6. Wakala akijibu kwa sampuli 24,000 kwa sekunde na kuongea nusu ya muda huo, MB 14.4 nyingine hushuka kabla ya Base64 kuongezwa. Kwa mtu wa ofisini hizo ni namba tu. Kwa anayenunua bando la siku, ni sehemu kubwa ya alichonunua. Kodeki ya Opus, njia ya kubana sauti iliyosanifishwa mwaka 2012, ikitumiwa kwa kilobiti 24 kwa sekunde ingepandisha dakika hizo 10 kwa MB 1.8. Pale huduma inapokataa Opus, seva yako ya kati inaweza kuipokea kutoka kwenye simu, kuifungua kuwa PCM, na kuipeleka kwa modeli, na gharama ya uzito huo ikabebwa na nyaya za vituo vya data badala ya mfuko wa mtumiaji.

Kosa la kiwango cha sampuli ni la kawaida mno na dalili zake hupotosha. Vipaza sauti vya vivinjari vingi hutoa sampuli 48,000 kwa sekunde, katika namba za desimali kati ya −1 na 1. Huduma husubiri namba kamili za biti 16, mara nyingi 16,000 au 24,000 kwa sekunde. Live API ya Gemini, huduma ya Google, kwa mfano, hupokea 16,000 na kujibu kwa 24,000. Mtu akituma sampuli 48,000 huku akidai ni 16,000, seva husikia sauti nzito iliyovutwa mara tatu. Hakuna ujumbe wa kosa utakaorudi. Kitakachorudi ni tafsiri mbovu ya maneno, na timu itatumia wiki nzima ikiilaumu modeli kwamba haijui Kiswahili.

Ukubwa wa vipande nao una uzani wake. Kivinjari huchakata sauti kwa vifungu vya sampuli 128, yaani chini ya milisekunde 3 kila kimoja, na kutuma fremu kwa kila kifungu ni kupoteza nguvu kwa vichwa vya pakiti. Vipande vya sekunde nzima navyo huongeza sekunde nzima ya ucheleweshaji kabla ya modeli kusikia. Kati ya milisekunde 20 na 100 ndipo wengi huishia, na ndipo panapofaa.

Mkondo usio na saa

TCP, ambayo juu yake WebSocket imejengwa, haikubali kupoteza pakiti. Moja ikipotea angani kati ya simu na mnara, zote zilizo nyuma yake husubiri mpaka iliyopotea itumwe upya, kama magari kwenye barabara nyembamba ambako lori moja limeharibika katikati. Kwa barua pepe hilo ni jambo jema. Kwa sauti ni tatizo, kwa kuwa neno lililochelewa sekunde tatu halina tena kazi, lakini TCP italifikisha tu, na litakuwa limeyachelewesha mengine yote.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja wa simu usizidi milisekunde 150, na kuuona ule unaozidi 400 kuwa haukubaliki katika kupanga mitandao kwa jumla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, mojawapo ikiwa ya Namibia, ulikuta kwamba mwanya kati ya swali na jibu katika mazungumzo ya kawaida ni takriban milisekunde 200 kwa wastani. Wakala wa kwenye wingu hawezi kufikia kiwango hicho, kwa sababu ndani ya mwanya wake kuna mtandao, kusubiri uhakika kwamba mtu amemaliza, na modeli kufikiri. Lakini kila milisekunde inayoongezwa na uzembe wa upande wa mtumiaji hujilimbikiza juu ya hizo.

Uzembe ulio mkubwa kuliko wote ni kutuma bila kutazama nyuma. Mtandao ukikwama, kipaza sauti hakikwami. Programu huendelea kukabidhi vipande kwa kivinjari, navyo hurundikana kwenye foleni isiyoonekana. Mtandao ukirejea, rundo zima humwagika kwa mpigo, na wakala huanza kujibu mambo ya zamani huku mtu akiwa amekwisha kurudia swali lake mara mbili. Kivinjari hutoa thamani iitwayo "bufferedAmount", inayoonyesha baiti ngapi zimekabidhiwa bila kuondoka. Kwa sauti ya baiti 32,000 kwa sekunde, thamani ya 64,000 ina maana kwamba uko sekunde mbili nyuma ya wakati. Hapo programu lazima iamue: itupe kimya kilichomo kwenye rundo na kubakiza usemi, itupe vyote na kumwambia mtumiaji arudie, au ikate na kuunganisha upya. Uamuzi wowote kati ya hiyo ni bora kuliko kutoamua. Kwa upande wa seva, kila kipande kikibeba namba ya mfuatano na muda wa kunaswa kwake, mkondo unapata saa ambayo itifaki haikuupa.

Hoja hii humfanya mtu aulize kwa nini basi isitumike WebRTC, teknolojia nyingine ya vivinjari, inayosafirisha sauti kwa UDP (itifaki isiyorudia pakiti zilizopotea), inayokubali kupoteza pakiti iliyochelewa, na inayokuja na usawazishaji wa mtiririko ndani yake. Swali ni la haki. OpenAI yenyewe, iliyoanza na WebSocket Oktoba 2024 na kuongeza WebRTC miezi miwili baadaye, inapendekeza WebRTC kwa vivinjari na simu, na WebSocket kwa mawasiliano ya seva kwa seva. Ninakubaliana na mgawanyo huo pale mtandao wa mtumiaji ulipo dhaifu. Ila WebRTC huleta seva za kusaidia vifaa kupatana, na mazungumzo marefu ya kuanzisha muunganisho, na ofisi nyingi zina kuta za usalama zinazozuia UDP kabisa, ilhali WebSocket hupita mlango namba 443 kama tovuti nyingine yoyote. Timu ya watu watatu yenye huduma ya kuuliza ratiba za mabasi inaweza kuwa sahihi kabisa kuchagua WebSocket, mradi iwe imekubali kuifanya kazi ya muda kwa mikono yake.

Mtu anapomkatiza wakala

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha wakala anayesikilizika na yule anayechosha, na ndiyo ambayo mifano ya kwenye nyaraka huipita haraka kupita kiasi.

Modeli huzalisha sauti kwa kasi kuliko inavyochezwa. Maelezo ya sekunde 20 yanaweza kuzalishwa na kutumwa ndani ya sekunde 3 au 4, na yote yakakaa kwenye foleni ya uchezaji ndani ya kifaa cha mtumiaji. Chukua wakala wa chuo anayemweleza mzazi ada: kiasi kinachodaiwa, tarehe ya mwisho, kisha namba ya kumbukumbu ya kulipia. Baada ya sekunde 6, mzazi anasema, "Ngoja kwanza, hiyo ni ya muhula huu?" Seva husikia usemi, humsimamisha modeli, na kwa maoni yake kazi imekwisha. Lakini modeli ilikuwa imekwisha kumaliza kuzalisha zamani. Zilizobaki ni sekunde 14 za sauti zilizo mikononi mwa kifaa, ambazo seva haina uwezo wa kuzinyamazisha. Wakala huendelea kusoma namba ya kumbukumbu juu ya sauti ya mzazi.

Kwa hiyo kifaa kinapopokea taarifa kwamba mtumiaji ameanza kuongea, lazima kiitupe foleni yake yote papo hapo, na kikatae vipande vya jibu lile lile vitakavyoendelea kufika kwa kuwa vilikuwa njiani. Ndiyo maana kila kipande cha sauti ya wakala kinapaswa kubeba utambulisho wa jibu lake. Bila huo, kifaa hakiwezi kutofautisha mabaki ya jibu lililokatizwa na mwanzo wa jibu jipya.

Kutupa foleni peke yake hakutoshi. Kumbukumbu ya mazungumzo iliyo kwenye seva inaonyesha kwamba wakala alisema maneno yote ya sekunde 20. Mzazi akiuliza baadaye, "Ile namba ni ipi?", wakala anaweza kumjibu kwamba amekwisha kumtajia, na kwa mujibu wa kumbukumbu yake hasemi uongo. Anayejua kilichosikika kweli ni kifaa, kwa sababu ndicho kilichocheza. Hivyo kifaa huhesabu sampuli zilizotoka kwenye spika na kuripoti kwamba jibu lilichezwa hadi milisekunde 6,000 na si zaidi, nayo seva hukata kumbukumbu hapo. Realtime API ina tukio mahsusi la kazi hii, ambalo hubeba muda huo kwa milisekunde. Media Streams ya Twilio, inayounganisha simu za kawaida, hufikia lengo lile lile kwa namna nyingine: programu huweka alama kati ya vipande vya sauti, na lango hutuma taarifa kila alama inapofikiwa, huku ujumbe wa "clear" ukifuta vilivyosalia.

Mwangwi hufanya hali iwe ngumu zaidi. Spika ya simu ikiwa wazi, sauti ya wakala huingia tena kwenye kipaza sauti, seva huidhani kuwa ni mtumiaji, na wakala hujikatiza katikati ya neno, akaanza upya, akajikatiza tena. Vivinjari vina uwezo wa kuondoa mwangwi, unaoombwa wakati wa kufungua kipaza sauti, lakini ufanisi wake hutofautiana kati ya kifaa na kifaa, na programu za simu zinazocheza sauti kwa njia isiyopita kwenye mfumo wa maongezi wa simu huukosa kabisa.

Kisha kuna suala ambalo halitatuliwi na msimbo wa mtandao. Msikilizaji wa Kiswahili mwenye adabu hakai kimya. Huitikia "ehee", "naam", "mm" wakati mwenzake anaongea, na kuitikia huko ni ishara kwamba aendelee. Kigunduzi kinachopima nguvu ya sauti pekee huona kila mwitikio kuwa ni katizo. Kadiri mtumiaji anavyokuwa mstaarabu, ndivyo wakala anavyozidi kukatizwa. Suluhisho la kadiri ni kupunguza sauti ya wakala mara usemi unapoonekana, badala ya kuinyamazisha, na kungoja milisekunde mia chache ili kuona kama usemi huo unaendelea. Ukikoma, sauti hurudishwa na foleni haitupwi.

Muunganisho unapokufa bila kuaga

Kati ya kifaa na wakala kuna wasimamizi wasiopenda muunganisho uliotulia. Kisambaza mzigo cha aina ya Application cha Amazon, kwa mpangilio wake wa awali, hukata muunganisho uliokaa sekunde 60 bila data, na Nginx ikiwa proksi ina kikomo kama hicho. API Gateway ya Amazon huvumilia dakika 10 za utulivu, lakini haikubali muunganisho kuzidi saa 2 hata ukiwa na shughuli. Cloud Run ya Google huishia dakika 60. Mtu aliyeombwa atafute kitambulisho chake kabatini, huku programu ikiwa imezima kipaza sauti, anaweza kurudi na kukuta hakuna anayemsikiliza.

RFC 6455 ina fremu za kupima uhai, lakini msimbo wa ndani ya kivinjari hauwezi kuzituma; kivinjari huzijibu tu seva inapozituma. Kwa hiyo seva izitume kila baada ya sekunde 20 hivi, na programu ya mtumiaji iwe na ujumbe wake mdogo wa kawaida unaosubiri jibu. Huo wa pili ni muhimu kwa sababu simu inapohama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu, anwani yake hubadilika, TCP ya zamani hubaki ikining'inia, na tukio la kufungwa linaweza kuchelewa sana kutokea. Likitokea, huja na namba 1006, inayomaanisha tu kwamba hakukuwa na kuagana.

Kuunganisha upya kunataka nidhamu. Majaribio yaachane kwa muda unaoongezeka wenye nasibu ndani yake, ili seva ikianguka na kuinuka isivamiwe na watumiaji wote kwa sekunde moja. Hali ya mazungumzo isikae kwenye muunganisho bali kwenye kikao chenye utambulisho wake, ambacho muunganisho mpya unaweza kukidai kwa tokeni mpya. Sauti iliyonaswa muunganisho ukiwa umekatika isitumwe yote bila kuchujwa. Na pale wakala anapofanya vitendo vyenye matokeo, kama kulipa au kuhifadhi tiketi, kila kitendo kiwe na namba yake ya pekee, kwa sababu muunganisho uliokatika baada ya kitendo na kabla ya jibu huonekana sawasawa na ule uliokatika kabla ya kitendo, na mtumiaji atarudia ombi lake kwa nia njema kabisa.

Anayepiga kwa kitochi

Wengi watakaomtumia wakala wa Kiswahili hawatafungua kivinjari, watapiga namba. Hapo kiungo cha WebSocket bado kipo, ila mwenye kukitumia ni lango la simu. Sauti hufika langoni kwa kawaida ikiwa katika G.711, umbizo la sauti za simu lenye sampuli 8,000 kwa sekunde na kilobiti 64 kwa sekunde, na kipande cha milisekunde 20 kina baiti 160 tu. Mitandao ya Afrika na Ulaya hutumia aina ya A-law, ya Amerika ya Kaskazini na Japani hutumia μ-law, na huduma nyingi za wingu zenye asili ya Marekani huleta μ-law. Anayechanganya hizo mbili husikia sauti inayoeleweka kwa shida, yenye mikwaruzo, na kwa mara nyingine modeli hulaumiwa.

Kwa muunganisho wenyewe, hii ndiyo hali ambayo WebSocket inafaa zaidi, kwani pande zote mbili ziko kwenye vituo vya data vyenye nyaya imara na pakiti hupotea kwa nadra. Matatizo ya minara ya simu hubaki upande wa mtandao wa simu, unaoyamudu kwa mbinu zake. Linalobaki kwa mtengenezaji ni kusikiliza kwa makini ujumbe wa "stop" unaotumwa mpigaji anapokata. Seva isiyoushughulikia huacha kikao cha modeli wazi, nacho huendelea kuzalisha sauti isiyokwenda kokote, dakika baada ya dakika, mpaka kikomo cha huduma kifike au mwenye akaunti aone ankara.